Mabega ya Likilimba

Kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, Mama Emilienne huzunguka nyumba zote zenye wajawazito, husimama mlangoni na kuuliza: "Mutoto anacheza?" Akijibiwa ndiyo, hupita. Haketi.

Yeye ni mkunga katika kituo cha afya cha kijiji kilicho mbali na Wamaza, chenye vitanda viwili tu na kisicho na chumba cha upasuaji. Kazi aliisomea Kasongo, akarudi kwao. Watoto aliowapokea siku hizo leo wanamletea wake zao. Akina mama waliofariki anawakumbuka kwa majina. Wengi walifia njiani, kwa kukosa wa kuwabeba.

Asubuhi ile Aurélie, muuguzi kijana aliyetoka Kasongo, alimfuata hadi kwa Rachelle, mmoja wa wajawazito hao.

"Mutoto anacheza?"

"Kidogo sana, mama. Uchungu iko toka jana, lakini hashuke."

Emilienne akampapasa tumbo. Mtoto alikuwa amekingama. "Huyu atatoka kwa kupasuliwa tu," akasema.

Mvua ilikuwa imebeba daraja la kuelekea hospitalini, na pikipiki ziliishia ng'ambo ya mto. Ilibaki tipoyi, machela ya miti inayobebwa na watu wanne. Hapo kijijini hubebwa na wanaume wa likilimba, wanaolimiana mashamba kwa zamu, nao hubeba wake za wenzao tu. Déo, mume wa Rachelle, alikuwa machimboni. Mwaka huo hakulima na mtu.

Emilienne akawafuata shambani.

"Déo alichagua dhahabu," akasema Papa Bulaimu, kiongozi wao, bila kuacha jembe. "Basi dhahabu imubebe!"

Wenzake wakacheka.

"Na mutoto, Papa Bulaimu? Yeye alikosa zamu gani? Hata hajazaliwa."

Bulaimu akaendelea kulima. Emilienne akarudi, akamlaza Rachelle kwenye tipoyi, akashika miti mbele, Aurélie nyuma. Wakaondoka wakiyumba. Njia ya mtoni inapita kando ya shamba lile lile, lakini Emilienne hakugeuza shingo. Aurélie alihisi vidole vyake vikiachia.

"Mama! Weka chini, utaangusha mutu!" Bulaimu alikuja mbio, jembe bado mkononi, na wengine watatu nyuma yake. "Nani alikufundisha kubeba hivi? Toka, toka!"

Walivuka maji ya kiunoni, tipoyi ikiwa juu ya vichwa vyao, huku Bulaimu akimtukana Déo hadi ng'ambo. Huko pikipiki ikampokea Rachelle, na nyingine ikawachukua Emilienne na Aurélie.

Jioni mtoto wa kike alilia ndani ya hospitali, na mama yake akaomba maji. Nje, Aurélie, ambaye kwa kawaida huona aibu kuuliza, akamgeukia Emilienne.

"Mama, ulijua watakuja?"

"Hapana, mwanangu. Nilijua tu sisi wawili hatutafika."