Shahidi wa Bi Siki

Watu wa ofisini walimwita Bi Siki, naye alikuwa akiitika. Hakukasirika wala hakufurahi. Aliitika tu, kama mtu anayeitwa jina lililo kwenye cheti chake. Harufu yenyewe ya siki ilikuwa kweli. Ilikuwa kwenye nywele, kwenye koti lake la kijivu, hata kwenye karatasi alizopandisha juu kusainiwa. Bawabu wa mlangoni hakukosa neno.

"Bi Siki kapita," angesema. "Mwenye kabichi alete."

Yeye angepita zake ameinamisha kichwa, ashuke zile ngazi kumi na nne za kwenda chumba cha chini, na usimwone tena mpaka saa kumi jioni.

Mimi nilikuwa mfagiaji wa jengo. Nimesoma mpaka darasa la saba, nikaolewa, nikajifungua, na mwenzangu akaenda mbali kutafuta kazi. Mpaka leo anaitafuta. Binti yangu, ambaye kwa mashavu yake wanamwita Kichuna, nilikuwa nikija naye mgongoni kwa sababu sikuwa na wa kumwachia. Basi na mimi pale nilikuwa Mama Kichuna, jina langu la kuzaliwa halikuulizwa.

Siku ya kwanza kupangiwa korido ya chini, nilitia kwenye ndoo sabuni ya harufu ya waridi, nikiona nimewafanyia hisani. Mlango wa mwisho ukafunguka, Bi Siki akatoa kichwa.

"Mama, samahani. Hiyo ndoo ina nini?"

"Sabuni ya waridi, dada."

"Nakuomba huku chini upige deki kwa maji matupu. Kwa waridi hilo mimi leo kazi sina."

Nilidhani ananiringia. Nadhani uso wangu ulisema, maana alinitazama kidogo, kisha akaufungua mlango wote. "Ingia, uone mwenyewe. Mtoto mfunike, kuna baridi."

Ndani kulikuwa na rafu za chuma kutoka sakafuni mpaka darini, na kwenye rafu makopo ya bati, bapa kama masinia, mengine yameshika kutu. Kila kopo lilikuwa na filamu yake. Ni picha za kabla sijazaliwa: daraja linafunguliwa, wakulima wanafundishwa kupanda kwa mistari, watoto wanapanga foleni ya chanjo. Alinieleza kwamba filamu hizi zikianza kuoza hutoa harufu ya siki, na moja ikishaanza huambukiza jirani zake. Kuna vikaratasi vya kupimia ugonjwa huo, hubadilika rangi, lakini viliisha zamani na ofisi haikuagiza vingine. Kwa hiyo yeye alipima kwa pua. Alifungua kopo, akanusa mara moja, akageuza uso pembeni, akaandika kwa penseli juu ya mfuniko: sifuri, moja, mbili au tatu. Sifuri ni mzima. Tatu ni mahututi. Kwa ajili ya pua hiyo hakujipaka mafuta ya kunukia, aliogea sabuni ya kufulia, na kitunguu hakula mpaka Ijumaa jioni.

"Unafanya na nani, dada?"

"Nilikuwa na Mzee wa Projekta, aliyenifundisha. Alipofariki nikabaki na haya." Akanyoosha kidole kwenye makopo. "Mwaka wa kumi na moja sasa."

Toka siku hiyo nilipiga deki ya chini mwishoni, ili nikimaliza nikae kidogo. Hatukuongea sana. Yeye alizungusha filamu kwenye meza yenye taa na kioo, akitafuta palipokatika apaunge, na mimi nilimnyonyesha Kichuna. Siku moja aliniita nitazame. Kiooni kulikuwa na mama anamwogesha mtoto kwenye beseni, picha ya zamani ya kufundishia wazazi. Mtoto anapiga maji kwa viganja, mama anafumba macho na kucheka. Sauti hakuna.

"Huyo mtoto sasa ana umri wa baba yako," alisema.

Nilitazama mikono ya yule mama mpaka filamu ikaisha. Anayashika makwapa ya mtoto kama ninavyoyashika mimi.

Mwanzoni mwa mwaka, Bi Siki alinieleza jambo. Kuna chuo ng'ambo kinachofundisha kazi yake hii hii, ya kutunza filamu za zamani, shahada ya uzamili ya miaka miwili, watu wanatoka nchi mbalimbali. Wanachukua wachache. Alikuwa amejaza fomu kwenye kompyuta, ameandika kwa nini anataka, ametuma vyeti. Zilibaki barua za watu wawili wa kumshuhudia. Mwalimu wake wa zamani wa chuo alikwishaandika. Ya pili iandikwe na mtu aliyeiona kazi yake kwa macho.

"Si mkuu wa ofisi?" nikasema.

"Nilimwendea. Akaniambia, 'Andika mwenyewe dada yangu, ulete nisaini.' Toka aje hapa hajawahi kushuka ngazi, Mama Kichuna. Nijisifu mwenyewe halafu yeye asaini, hapo ameshuhudia nini?"

Akawa anakikwangua kibandiko kwenye kopo. "Nimewaandikia watu wa chuo, nikawauliza kama mfagiaji anafaa. Wamejibu kwamba anafaa, na aandike kwa lugha yake, kutafsiri watatafsiri wao."

Nilicheka. Kisha nikaona hacheki.

"Dada, mimi wa darasa la saba?"

"Nimefikiria watu wote ninaowajua," alisema. "Haikuchukua muda mrefu."

Baada ya siku mbili, barua ya wale watu ikaingia kwenye simu yangu. Dada wa duka la simu alinisomea taratibu: mwombaji unamfahamu kwa muda gani, unamfahamu vipi, taja jambo moja uliloliona linaloonyesha alivyo kazini. Na ulichoandika asikisome yeye. Walitoa siku tano.

Nikaandika jikoni kwangu kwenye daftari, Kichuna akinivuta peni. Jambo la kutaja sikulitafuta, lilikuwa limekaa kifuani tayari. Mwaka uliopita mashine ya baridi ya chumba cha chini ilikufa wakati wa joto kali. Bi Siki alipandisha karatasi mara tatu, na mara tatu aliambiwa asubiri fundi. Siku ya nne nilimkuta getini na begi kubwa la nguo limemlemea upande mmoja. Nikamsaidia kulibeba. Tulikwenda mpaka kwake, chumba kimoja chenye kitanda chembamba, kiti kimoja, na friji ndogo. Akatoa nyama, maziwa na nyanya zake zote, akanifungia kwenye mfuko. "Chukua, mtoto ale." Kisha akatoa makopo, kila moja limevikwa gazeti na mifuko miwili ya plastiki, akayapanga ndani ya friji kwa upole kama anayelaza mapacha. Yalikuwa ya tatu, yale mahututi. Yule mama wa beseni alikuwemo. Yalikaa humo zaidi ya mwezi, mpaka mashine ilipotengenezwa, na muda wote huo yeye alikula mkate mkavu na chai ya rangi.

Niliandika hayo yote, makopo saba, friji, nyanya. Nikamalizia: mimi nimewahi kuona mtu akimpisha mgonjwa kitanda chake, lakini kuwapisha watu walio kwenye bati sijawahi kuona kwa mwingine. Dada wa duka akanichapia, tukatuma. Nilirudi nyumbani mwepesi.

Kosa langu nililijua wiki mbili baadaye, kwa mdomo wangu mwenyewe. Nilikuwa nafagia getini, nikamsimulia bawabu, tena kwa kujisifu. Alikuwa anakunywa chai. Akakiweka kikombe chini.

"Umeandika kwamba alitoa makopo nje?"

"Ndiyo. Aliyaokoa."

"Mama Kichuna." Hapo hakuwa na utani. "Hata kalamu ya humu ikitoka na mimi, kazi sina. Makopo yale yana muhuri wa serikali. Na wale watu wa ng'ambo, kazi wanayoisomea si ndiyo hiyo, ya kutunza vitu visitolewe? Umemchongea mwenzio."

"Si nilikuwa namsifia?"

"Umemsifia mpaka polisi."

Siku hiyo nilifagia pale pale mara mbili bila kujua. Mtu aliyetafuta kichwani mwake kote akanipata mimi peke yangu, na mimi nikamfanyia vile. Chini sikushuka. Kesho yake pia sikushuka. Siku ya tatu nilimsikia anauliza juu kwenye ngazi kama Mama Kichuna ni mgonjwa, na mhudumu wa mapokezi akamjibu bila kuinua macho kwamba hajui. Nikaiacha ndoo, nikamfuata.

Nilimwambia yote, nimesimama mlangoni. Nikamwambia kuisoma barua yangu amekatazwa, lakini ajue kilichomo. Alinisikiliza akiwa ameshika mfuniko wa kopo mkononi. Alipouweka, aliuweka vibaya ukaanguka, na Kichuna mgongoni akashtuka akalia.

"Uliandika makopo mangapi?" aliuliza.

"Saba, dada."

"Yalikuwa tisa. Mawili nilitangulia nayo jana yake." Akaokota mfuniko, akaufuta kwa mkono wa koti. "Wameniita kesho saa tano, usaili wa kwenye kompyuta. Basi wataniuliza."

"Utawaambia nini?"

"Tisa," alisema.

Kesho yake alivaa blauzi nyeupe niliyokuwa sijaiona. Ofisi ya juu hakuomba, alikaa chini na kompyuta yake kati ya rafu. Mimi nilikaa kwenye ngazi ya mwisho na Kichuna mapajani, nizuie mtu asishuke na kelele. Nilijisumbua bure, hakuna aliyewahi kushuka.

Lugha yao sikuielewa. Nilisikia sauti tatu kwenye kompyuta, mbili za kiume, moja ya kike, na ya Bi Siki ndogo, inajibu kwa kifupi. Kisha sauti ya kike ikauliza kitu. Nikahesabu pumzi za mtoto. Bi Siki alipojibu alianza polepole, halafu akaendelea, akaendelea, sauti ikawa inapanda. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi vile kwa mara moja. Wale wakauliza tena, akajibu tena. Kuna mmoja alicheka. Nikasema moyoni, ndiyo basi.

Ilipokwisha hakutoka. Nilingoja, kisha nikachungulia. Alikuwa amekaa mikono mapajani, anaitazama kompyuta iliyozimika.

"Dada?"

"Waliuliza ilikuwa nyuzi joto ngapi ndani ya friji," alisema. "Waliuliza niliyafunga na nini. Nilipoyatoa niliyaacha muda gani kwenye mifuko kabla ya kuyafungua, yasitoke jasho. Mmoja akaniuliza, na wewe ulikula nini." Akaifunga kompyuta. "Wakaniambia haikuwa sahihi kuyatoa, na nisirudie. Nikawaambia najua. Halafu wakaendelea kuuliza."

"Sasa unalia nini?"

"Silii." Alikuwa analia. "Hakuna aliyewahi kuniuliza, Mama Kichuna. Makopo yaliondoka mwezi mzima yakarudi, hakuna aliyeuliza."

Nikataka kumshika bega, nikakumbuka mikono yangu ilikuwa na dawa ya choo. Nikabaki nimesimama.

Majibu walisema baada ya wiki sita. Wiki hiyo ya sita Kichuna alipata homa kali, nikakaa nyumbani siku nne, simu yangu imevunjika kioo haioneshi anayepiga wala aliyeandika. Siku ya nne alasiri nikasikia uani mtu anamuuliza mwenye nyumba, "Kuna mama hapa anafagia ofisini, ana mtoto wa mashavu?" Nikatoka na kanga ya kulalia.

Alikuwa Bi Siki. Hakuwahi kufika kwangu, wala sikujua kama anapajua. Kumbe alianzia kituo cha basi akiuliza mlango kwa mlango. Viatu vyake vimejaa vumbi.

"Karibu, dada. Kuna nini?"

Aliingia, akatafuta pa kukaa, akakaa ukingoni mwa kitanda. Kichuna, ambaye kwa homa ile hata mimi alikuwa ananikataa, akamnyooshea mikono. Bi Siki akampokea vibaya, kama mtu aliyepewa kitu kilichojaa mpaka juu.

"Nimechaguliwa," alisema.

Nilipiga kigelegele kidogo, cha ndani ya chumba, kwa ajili ya mgonjwa. "Lini? Wamekuambia lini?"

"Jumatatu."

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Nikamtazama.

"Bosi yuko safarini," alisema. "Bawabu nilimpita asubuhi, nikataka kumwambia, akanitania, nikapita. Nyumbani nilisoma kwa sauti, mara mbili. Nikaona si sawa. Nikaja kazini nikakungoja Jumanne, nikakungoja Jumatano." Alimpapasa Kichuna mgongoni, anajifunza mkono uende wapi. "Nimekaa nayo siku tatu. Sijui watu huwa wanafanyaje na habari kama hii."

"Huwa wanaambiana, dada."

"Ndiyo. Nimekuja."

Akasema ataondoka mwezi wa tisa. Nilitaka kumuuliza kule chini atabaki nani, na mimi nitakaa wapi nikimaliza deki, lakini siku hiyo haikuwa yangu. Niliwasha jiko nikabandika chai. Nilipogeuka Kichuna alikuwa amelala begani kwake, kinywa wazi kwenye koti la kijivu, naye hathubutu kusogea.

"Nimlaze?" nikauliza.

"Mwache kidogo," alisema.