Jina Juu ya Nota

Juzijuzi, kwenye duka la fotokopi hapa Kashaulili, mwenyekiti wa kwaya yetu alimwambia mama aliyetunga wimbo wa Pasaka: "Dada, juu ya karatasi ya nota tuweke herufi za kwanza tu za jina lako. Waimba besi wakijua katunga mwanamke, watagoma."

Yule mama akazichukua nota kaunta, akazitia kwenye kapu juu ya dagaa. "Basi nyie besi tungeni wenu."

Mwenyekiti akakohoa. Pasaka ilikuwa Jumapili hiyo hiyo, na wimbo mwingine hatukuwa nao. "Andika jina lote," akamwambia mwenye duka.

"Na la ukoo," yule mama akaongeza.

Mimi naimba besi. Nakiri, hatukugoma, ila siku ya Pasaka tulipotea ukurasa wa pili, kanisa limejaa. Yule mama akaimba sehemu yetu kwa sauti yake nyembamba mpaka tukaipata.