Kabla ya stesheni ya metro palikuwa na bakala, na hapo ndipo tulipomkosa Saumu

Wakuu, amani iwe juu yenu nyote. Naandika nikiwa na udhu, kwa hiyo chumvi sitaongeza.

Juzi mjukuu wangu kaniuliza stesheni ya metro ya mtaani kwetu hapa Riyadh imejengwa juu ya nini. Nikamwambia, juu ya duka. Yeye akaridhika. Mimi usingizi ukanipaa.

Nimezaliwa Ruwais, Jeddah, wazee wetu walitoka Unguja baada ya sitini na nne. Miaka ile Wakenya wanakuja kwa wingi kufanya kazi za ndani, nilikuwa dereva wa familia moja hapa Riyadh, mtaa wa Al-Malqa. Humo alikuwamo Zuhura, binti wa Malindi, mtani kwelikweli.

"Ami, wewe gari la bosi waliosha kuliko uso wako!"

"Gari lina mwenyewe wa kulikagua," namjibu.

Mdogo wake, Saumu, alifanya kazi mitaa michache mbele. Madam wake alimnyang'anya simu. Basi ndugu hawa wakionana Ijumaa baada ya swala, kwenye bakala, kiduka cha Myemeni mmoja. Wakati huo hakuna aliyejali jina la mtaa. Ukisema "kwa Myemeni", umeeleweka. Dakika kumi, soda moja wanapokezana, halas, kila mtu kwa bosi wake.

Kisha bosi wetu akatupeleka Jeddah mwezi mzima. Tuliporudi tu, Jumatatu, Zuhura akapigiwa simu kutoka Malindi. Mama yao amefariki.

Nikamwambia, "Nimpe dereva wa kina Saumu habari, amfikishie leo hii."

"La, Ami. Mama hatangazwi na dereva. Nitamwambia mwenyewe, nimemshika."

Wa pwani mnaelewa. Msiba mtu haambiwi akiwa peke yake, lazima awepo wa kumpokea. Nikaona binti ana adabu, nikakubali. Yule dereva nikamwambia tu: mwambie Saumu Ijumaa, kwa Myemeni, asikose.

Ijumaa nikampeleka Zuhura. Duka hakuna. Pamezungushwa uzio mrefu wa mabati, ndani mashine zinachimba stesheni, vumbi tupu.

Tukasimama tulipodhani palikuwa na mlango.

"Dakika tano tu, Ami."

Nikampa tano mara tatu. Bosi akapiga simu, tukaondoka.

Baadaye yule dereva akatueleza. Saumu alifika. Alisimama upande wa pili wa mabati karibu saa nzima, akarudi analia kwamba dada yake kamtupa. Kwa kelele zile hata tungeita asingesikia.

Tukasema, Ijumaa ijayo. Haikufika. Waajiri wake walihamia Jeddah, mtaa wa Al-Rawdah, wakaenda naye, nasi hatukuwa na namba ya kumpata.

Habari aliipata baada ya Idi, kwa jirani wa nyumbani aliyempa pole akidhani anajua. Akaazima simu, akampigia Zuhura. Nilikuwa jikoni, nikasikia sauti ya Saumu kwenye simu:

"Dada, nimekula Idi nikicheka, na mama yuko kaburini?"

Simu ikakatwa.

Wote wawili walisharudi Kenya, alhamdulillahi, wazima. Zuhura hunitumia salamu. Anasema huongea na Saumu habari za watoto, za ada, za mvua. Ya mama hawayagusi. Hajawahi kunilaumu, ila mtu mzima pale nilikuwa mimi.

Mwenyezi Mungu hupanga, nami nashukuru kwa yote. Lakini nimejifunza kwamba habari ya kifo ni amana, na amana haingoji Ijumaa. Ningemtuma yule dereva siku ileile, Saumu angelia peke yake jikoni kwa watu. Lakini angelia siku ileile waliyolia ndugu zake.

Mlio mbali na kwenu, nyinyi mngefanyaje? Niambieni bila kunionea haya kwa sababu ya mvi. Na mkiweza, muombeeni mama yao.