Kipini Kwenye Bustani ya Queensbury

Mashine yangu ya kutafutia vyuma ilikaa chumbani miezi mingi bila kutoka nje. Ilisimama nyuma ya mlango, imefunikwa shuka, na mama akirudi kutoka zamu yake ya kutunza wazee aliuliza, "Mgeni wako bado hajaamka?" Nilimjibu kwamba bado nasoma. Na kweli nilikuwa nasoma. Nilitazama kila video niliyoipata. Nilijua jinsi ya kukata nyasi pande tatu na kuacha upande wa nne ushike kama kifuniko, ili ukizirudisha mtu asijue palichimbwa. Ila sikuwa nimechimba hata shimo moja.

Niliogopa, sina neno jingine. Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, na kila barua ya kuomba kazi niliiandika upya na upya hadi nafasi ikafungwa. Nilidhani mchezo wa mtu peke yake ungenipumzisha. Kumbe nao una mlango wa kubisha: bustani za halmashauri hazichimbwi hivi hivi, na ardhi ya mtu lazima umwombe mwenyewe. Nimwendee mtu nisiyemjua, nimwambie nataka kutoboa nyasi zake? Nikaishia kufukia sarafu kwenye beseni la udongo nyuma ya nyumba tuliyopanga hapa Queensbury, ugenini, karibu na mapipa ya taka, na kuzitafuta mwenyewe.

Hapo ndipo jirani aliponiona. Alikuwa mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Kisumu, ambaye kwa miaka tulikuwa tukipungiana mikono tu juu ya ua.

"Kijana, huo udongo unapikia nani?"

"Najifunza, mzee. Hii inatafuta vyuma."

"Na dhahabu?"

"Hata dhahabu."

"Basi kuja kwangu kesho asubuhi. Usichelewe, kesho ndio mwisho."

Nyumba yake ilikuwa maboksi matupu. Alinipa chai ya tangawizi, tukainywa tumesimama kwa sababu viti vilishahamia Harrow kwa binti yake. Mkewe alifariki kiangazi. Miaka ya nyuma, akichuma dania karibu na bomba la bustani, kipini chake cha pua kilidondoka. Kilikuwa cha dhahabu, kidogo kuliko punje ya mchele, alichovishwa siku ya arusi.

"Alilia, mimi nikamcheka," mzee akasema. "Nikamnunulia kingine. Alivaa, lakini kila akienda kuchuma dania alikuwa anaangalia chini tu."

Wiki inayofuata angepeleka majivu ya mkewe Kisumu, ziwani, na alitaka kipini kiende naye. Jioni ile wanunuzi wa nyumba wangekuja kuchukua funguo.

Nilifunga kamba kutoka ua hadi ua, nikaigawa bustani mistari. Nikaiseti mashine nilivyofundishwa na video: inyamazie misumari, inyamazie karatasi za foili, inyamazie vishikio vya makopo ya soda, ilie pale tu penye kitu cha maana. Nilianzia mwisho wa bustani, mbali kabisa na bomba, kwa sababu ndivyo kazi safi inavyoanza. Mzee alinifuata na mwavuli.

"Unatafuta kama daktari wa meno," alisema.

"Nisiporuka mahali, hakitanipita, mzee."

Mchana ulipita. Nilipata senti za kale na kijiko. Nilipofika kwenye bomba mashine ilikaa kimya, nami, naona aibu kulisema, nilifurahia ukimya ule. Nilimwambia mzee kwamba hapo hakuna kitu, nina hakika.

Hakubishana. Alivua pete nyembamba ya dhahabu kwenye kidole chake cha mwisho, akaitupa kwenye nyasi. "Hebu pitisha."

Nikapitisha. Kimya. Nikapitisha tena, polepole, sahani ya mashine ikigusa pete yenyewe. Kimya.

"Imelala hiyo," mzee akasema.

Haikulala. Dhahabu ndogo hulia sauti ileile ya foili, na mimi niliizima sauti hiyo asubuhi kwa mkono wangu. Kutwa nzima nilikuwa nimeiambia mashine isikitaje kile tulichokuwa tunakitafuta. Nilipoiruhusu ilie kwa kila kitu, pale penye bomba ikalia kila mahali: miaka ya sikukuu za watoto, vyakula vilivyofungwa foili, yote yamo ardhini.

Tulianza kuchimba sote wawili, yeye kwa kile kijiko. Mwanga ulishaanza kukatika binti yake alipoingia na wanunuzi, mume na mke vijana. Akamwambia baba yake kwa Kiingereza kwamba muda umekwisha.

Mzee aliniangalia. Nikamwendea yule mume, matope hadi viwikoni, nikamwomba aniachie nichimbe. Sauti yangu ilikuwa kama ya mtu anayekaribia kulia. Akasema sawa, niendelee nipendavyo, ila kesho asubuhi linakuja greda kung'oa bustani yote, wanaongeza jiko.

Mzee alipanda gari la binti yake. Mimi nikachimba kwa tochi ya simu, mvua ikinyesha. Sikukata nyasi pande tatu tena, nilizing'oa tu. Foili. Foili. Kifuniko cha chupa. Foili. Kila iliyong'aa niliipeleka mdomoni niilambe tope, nione.

Simu ililia mkononi mwangu.

"Umepata?"

"Bado, mzee. Bado kuna sehemu zinalia."

Nilisikia gari, na binti yake akiuliza kitu.

"Wewe ulikula mchana?" mzee akaniuliza.

"Hapana."

"Na mimi sikukupa. Angekuwepo yeye angenigombeza sana." Akakohoa. "Enda nyumbani, kijana."

Nilimwambia naenda. Niliendelea hadi simu ikaisha chaji, na gizani nikabaki nasikia mashine ikilia chini ya miguu yangu, nisiweze kuona pa kuchimba.