Sekunde Thelathini za Mzee Waya

Hospitalini walianza kumwita Mzee Waya hata kabla hajaota mvi, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kutunza seva mbili za mafaili ya wagonjwa, zilizochangia kabati moja la diski. Na kuchangia kitu, tuseme ukweli, ni balaa tupu. Kila baada ya sekunde chache kila seva iliacha alama kabatini, kumwambia mwenzake: nipo, mzima. Alama ikichelewa kupita muda wa subira uliowekwa, mwenzake anamhesabu maiti na kumtupa nje.

Siku mashine hizo zilipokuwa zinazimwa kwa mara ya mwisho, mzee alikaa peke yake katika kile chumba cha baridi, na sweta lake lililotoboka viwiko, akinakili mipangilio ya zamani kwa ajili ya mafundi wa mfumo mpya. Mvumo wa feni ulimrudisha miaka ile. Jamani, ile miaka ilikuwa mitamu! Shemeji yake, kaka wa mkewe, alitunza kabati, yeye, seva. Walikula pamoja juu ya boksi la vipuri, wakitaniana mpaka karani wa chumba cha pili akawagongea ukuta.

"Shemeji, seva zako zinakoroma!"

"Afadhali zangu. Kabati lako linaweweseka!"

Halafu vituko vikaanza kweli. Karibu kila wiki, diski zikielemewa kidogo tu, alama zinachelewa, seva moja inamtupa mwenzake, mafaili yanagoma kufunguka, foleni ya wagonjwa inafika getini. Wakubwa wakataka mtu wa kumtwisha lawama. Kabati lilikuwa la shemeji, basi shemeji akafukuzwa. Zikaja diski mpya zenye kasi, vituko vikakoma, na kila mtu akasema, si mnaona?

Sasa kalamu ya mzee ilisimama. Seva ya kwanza: subira, sekunde sitini. Ya pili: thelathini. Zilitakiwa zilingane! Kumbe alama ikichelewa kidogo tu, ya pili ilikuwa inamtupa mwenzake mapema, na diski mpya za kasi zilificha tu kosa hilo. Pembeni palikuwa na tarehe ya mabadiliko, wiki moja kabla ya vituko, na herufi za jina lake mwenyewe. Akakumbuka. Alikuwa anajaribu jambo, simu ikaita, mkewe ameshikwa na uchungu kabla ya wakati, akatoka mbio. Hakurudi kusawazisha.

Hata koti hakuchukua. Alimkuta shemeji kwenye kibanda chake cha kutengeneza redio, miwani puani.

"Shemeji, ni mimi niliyekufukuzisha kazi. Zile namba za subira..."

"Thelathini na sitini," shemeji alisema bila kuinua kichwa. "Niliziona asubuhi ya kile kikao cha kunifukuza."

"Ukanyamaza? Miaka kumi na tisa?"

"Ningesema, ungeondoka wewe. Na dada yangu bado alikuwa wodini na kichanga cha kilo moja na nusu. Mimi nilikuwa kapera, ningekosa nini?"

Mzee Waya alijua alichokosa. Alikuwa amekiona tangu anaingia: mtu aliyeipenda kazi ile kuliko yeye, amezeeka na redio za watu. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, akalia kwa sauti, na shemeji akaweka bisibisi chini, akamshika mkono.

"Basi, shemeji. Mtoto si alikua?"