Niliyaficha majina ya walalamikaji kwenye Excel, mama mmoja akahama kijiji

Wakuu, habari za humu ndani.

Wanaonijua wanajua mimi nikinyeshewa dakika tano nasimulia gharika. Leo sina chai. Hili nalileta kama lilivyo, na sijalala vizuri tangu litokee.

Nina kibarua cha mkataba kitengo cha TEHAMA kwenye halmashauri moja ukanda huu wa Handeni na Korogwe. Ipi, msiniulize.

Elimu yangu ni ya masomo ya jioni. Form four nimeipata nikiwa na ndevu za kutosha kufagilia darasa, halafu nikapiga cheti cha kompyuta pale Korogwe, jioni vilevile. Siku nimepewa kitambulisho cha ofisi nilikivaa mpaka bafuni.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuzunguka vijijini kutangaza mfumo mpya wa malalamiko. Mwananchi anatuma kero kwa simu, au namwandikia mwenyewe kwenye laptop pale mkutanoni.

Kijiji kimoja upande wa kwenda Kwedizinga, mama mmoja, tumwite Mama Zaina, alisubiri watu wapungue ndipo akanisogelea. Kero yake: mzee wa kamati ya maji anawafungulia bomba ndugu zake kwanza, wengine wanabaki na matope.

"Mwanangu, na jina langu litakaa wapi?"

"Mama, litakaa ndani ya kompyuta. Hata panya wa ofisini hawatalijua."

Akacheka. Akanitajia jina na namba ya simu.

Sasa kwa wasiokulia huku kwenye ukame: pale bombani unapanga ndoo yako kwenye mstari, unarudi kwenye shughuli zako. Foleni ikisogea, aliye nyuma anasogeza yake na yako. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, lakini ndiyo inayoendesha kijiji.

Mama Zaina aliishi kwa utaratibu huo. Nyumbani ana mama mkwe aliyepooza, wa kugeuzwa kitandani kila baada ya muda. Akishinda bombani, bibi analala kwenye mkojo.

Miezi ikapita. Ofisini wimbo ukawa usalama wa mtandao. Nilifundisha watumishi kuhusu nywila mpaka wapishi wa kantini wakabadilisha za kwao. Tulikuwa tunamsubiri mdukuzi kutoka nje ya nchi kama tunavyosubiri mvua.

Hapo hapo likaja agizo la takwimu huria. Tuweke malalamiko kwenye tovuti, wananchi waone kero zipi zimepokelewa na zipi zimetatuliwa. Jambo zuri kabisa.

Bosi akaniambia, "Toa majina, upandishe leo."

Wakuu, sikuyatoa. Nilizi-hide zile column mbili, ya jina na ya simu. Kwenye screen yangu hazionekani, nikajua kazi imeisha. Nikapandisha faili, nikaenda kula ugali.

Anayejua Excel ameshashika kichwa. Ku-hide siyo kufuta. Kijana wa yule mzee wa kamati anasoma chuo Korogwe. Akadownload, akafunua, akapiga screenshot, akaitupa kwenye group la kijiji.

Faili tulilishusha baada ya siku mbili. Screenshot haishushwi.

Hakuna aliyemtukana Mama Zaina. Hakuna aliyempiga. Ndoo yake tu ikaacha kusogezwa. Anaipanga asubuhi, anakwenda kumgeuza bibi, akirudi anaikuta palepale, na foleni nzima imeshaizunguka.

Nilikwenda. Niliyaona kwa macho yangu. Nikamuuliza mama mmoja pale bombani kwa nini wanafanya hivyo.

"Nani kamzuia? Ndoo yake si ile pale? Aiandikie kompyuta ije imsogezee."

Wakacheka wote. Mimi, mtu wa vichekesho, nikaelekea ofisi ya kijiji.

Mwenyekiti wa kijiji naye akasema hajapokea lalamiko lolote. Kweli, nani angelalamika tena?

Nikaenda nyumbani kwa Mama Zaina. Harufu ilinipokea kabla ya mlango.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Nikamweleza lote, column, faili, kosa langu. Nikamwambia mfumo umeshaboreshwa. Aliendelea kukunja kanga za bibi.

"Baba, hayo ya kompyuta siyajui. Mimi nilikuamini wewe."

Wiki iliyofuata alikodi gari la mizigo, akamlaza bibi kwenye godoro nyuma, wakahamia kwa binti yake Korogwe. Shamba lake la mahindi limebaki na magugu.

Kwenye ripoti yetu, bosi aliandika hakuna tukio la usalama lililotokea. Hatukudukuliwa. Kwa karatasi, yuko sahihi.

Nilichojifunza: jina la mtu ukilipokea umebeba maisha yake. Futa, usifiche. Tengeneza faili jipya lisilo na majina kabisa, mpe mwenzako ajaribu kulifumua kabla halijatoka. Na usimwahidi mama wa watu kitu ambacho wewe mwenyewe hujajifunza kukilinda.

Mlio kwenye halmashauri nyingine, mnakagua vipi kabla ya kupandisha? Na mnaoishi vijijini, nishaurini: nimepata anwani ya yule binti pale Korogwe. Niende, au niwaache wapumzike?

Matusi pia napokea.