Vayolini Kwa Geti ya Kastamu

Nikinusa ulimbo wa kupaka upinde wa vayolini, narudi Busia, kwa geti ya kastamu. Okestra yetu ya watoto ilikuwa inavuka mpaka kupiga muziki na wenzetu wa Uganda. Afande wa kastamu akashika vayolini ya rafiki yangu.

"Hii unaenda kuuza. Kama ni yako, piga."

Rafiki yangu alianza kujifunza juzi tu. Nikaingilia.

"Afande, sisi hatupigangi vayolini mtu mmoja mmoja."

Tukatoa vayolini zetu zote, tukapiga hapo kwa vumbi, katikati ya malori. Makosa yake yakamezwa na sauti yetu.

"Haya, mpite na kelele yenu."

Leo nafundisha vayolini hapo hapo Busia. Mtoto mgeni kwa okestra akikosea, hakuna kunyamaza. Tunaongeza sauti.